Shemeji Yuko Dizzy

Benchi la pale kona, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na ukuta wa nyumba yenye geti la kijani, lina miguu minne, ila mmoja ni tofali. Wenyewe wanasema ule wa tofali ndio wa kutumainiwa. Kila mtu ana nafasi yake pale, na mgeni akikaa kwenye nafasi ya mtu hafukuzwi, anatazamwa tu mpaka ahame mwenyewe. Kahawa ipo, chungu, ya vikombe vidogo. Maneno ndiyo mengi. Na kuna sheria mbili ambazo mtu akizivunja hupewa mgongo wiki nzima. Ya kwanza: neno likiletwa kijiweni halitafutwi kwenye simu, linafunguliwa kwa mdomo, na kila mmoja aseme lake kwa zamu ya alivyokaa. Ya pili: aliyelileta haondoki mpaka lifunguliwe. Sheria hii ya pili ilitungwa baada ya jamaa mmoja kuleta neno, akanywa kahawa, akaondoka zake, na wenzake wakabaki nalo kama mzigo wa mgeni aliyetoroka.

Asubuhi hiyo Fundi Saa alifika mwendo wa kukata ndara, ile lenzi yake ya kutazamia matumbo ya saa ikimning'inia shingoni. Si kawaida yake. Yeye hufungua kibanda kwanza, akafagia, akapangusa meza, ndipo avuke barabara. Leo kibanda kilikuwa na kufuli, na shati amelifunga kifungo cha juu kwenye tundu la chini.

— Vipi, salama? aliuliza muuza kahawa, birika mkononi.

— Salama kiasi. Nimekuja na neno.

Benchi zima lilinyoosha mgongo. Kamusi akavua kofia. Huyu Kamusi alikuwa mlinzi wa shule mpaka alipostaafu, na Kiingereza chake alikisomea dirishani: mwalimu ndani na chaki, yeye nje na rungu. Kwa hiyo alijua mwanzo wa kila somo. Mwisho hakuwahi kuujua hata mmoja, maana kila somo likinoga gari lilipiga honi, akakimbilia geti.

— Neno la wapi? aliuliza Kamusi.

— La Kiingereza. Amelituma binti yangu kwenye simu.

Binti yake ni muuguzi, hospitali ya mbali, na siku hizi sentensi zake zina kichwa cha Kiswahili na mkia wa kule. Fundi Saa aliishika simu mbali na macho, akasoma:

— "Baba, jana nimeongea na mama, sauti yake sikuipenda. Muulize kama yuko dizzy. Kama ndiyo, niambie upesi."

— Yuko nini?

— Dizzy. Ndiyo hilo neno.

— Sasa si ungempigia mtoto akwambie maana yake? aliuliza Koki, fundi bomba, mtu mwenye mabega ya kubeba tangi na sauti ya kubembeleza mtoto.

Fundi Saa aliigeuza simu kiganjani. Ukweli ni kwamba binti yule amekua akijua baba yake ni bingwa wa Kiingereza. Ni baba aliyemsomea maandishi ya kwenye pakiti za sabuni, chupa za dawa, fulana za mitumba. Asipojua, alitunga, tena bila kupepesa jicho. Uongo akiambiwa mtoto kwa sauti nzito miaka na miaka unageuka kuwa elimu, na huwezi tena kuurudisha dukani. Leo ampigie amwambie nini?

— Yuko kazini, alisema. Wodini simu haziruhusiwi.

— Na shemeji mwenyewe anasemaje?

— Nimemwambia, mwanao anauliza kama uko hivi. Akaniuliza, hivi vipi? Nikamwambia endelea na kazi zako, nakuja sasa hivi.

— Kwani anaumwa?

— Haumwi sana. Asubuhi alishika ukuta, akasema sakafu inatembea. Halafu akacheka. Na mimi nikacheka.

Hakuwaambia kwamba kicheko chake kilitoka kwa shida, na kwamba njia nzima alikuwa akijiambia si kitu, si kitu, ni joto tu. Alitaka neno lifunguliwe haraka ajue kama aogope au asiogope.

Gia, dereva wa malori aliyeacha barabara kwa sababu ya mgongo, alimnyang'anya simu aone mwenyewe. Akaitazama. Akaisogeza karibu. Akaruka kutoka kwenye benchi kama kakalia pasi.

— He! Jamani! Njooni muone! Ziko mbili!

— Nini ziko mbili?

— Zedi! Zedi mbili zimebanana humu katikati!

Vichwa viligongana juu ya kioo cha simu. Kweli. Zilikuwa mbili, bega kwa bega.

— Kakosea kuandika, alisema Koki. Kidole kimeteleza.

— Hajakosea, alisema Kamusi kwa utulivu wa mtu aliyeona mengi dirishani. Ndivyo wanavyoandika.

— Na kusoma? Wanazisoma zote mbili?

— Wanasoma moja.

— Moja! Na ya pili?

— Imekaa tu.

Koki alikiweka kikombe chini taratibu, akafuta mdomo kwa kiganja.

— Kamusi, usinitanie asubuhi. Herufi inaandikwa, inakula wino, inachukua nafasi, halafu haitamkwi?

— Haitamkwi.

— Basi huyo ni mfanyakazi hewa!

Mshtuko uliolipiga benchi hapo haujawahi kuonekana tangu siku ile tofali lilipochomoka. Muuza kahawa mwenyewe aliacha kumimina. Koki alishika kichwa: watoto wake wote wamepita shule, wote wamechapwa kwa ajili ya herufi, kumbe walikuwa wanachapwa kwa ajili ya mtu ambaye hata kazini haendi!

— Tusilie kwanza, alisema Kamusi. Neno lifunguliwe kwa utaratibu. Gia, wewe ndiye wa kwanza kwenye benchi. Sema lako.

Fundi Saa aliinua mkono.

— Jamaa zangu, mimi nilitaka maana tu. Nina haraka kidogo...

— Haraka haraka haina baraka, alisema Kamusi, akamvuta chini kwa mkia wa shati. Na mwenye neno haondoki. Kaa.

Akakaa. Gia akasafisha koo.

— Mimi nimeendesha magari makubwa nchi hii na nchi ile. Jambo hili liko wazi kabisa, ninyi mnashtuka bure. Zedi ni herufi ya ngapi?

— Ya mwisho.

— Ya mwisho! Imetoka mbali kuliko zote. Ei iko hapa jirani, inakuja kwa miguu. Lakini zedi imekatiza alfabeti nzima, milima na mabonde. Safari hiyo unaenda bila spea? Ile ya pili ni tairi la akiba. Haizunguki, lakini ole wako usiibebe.

— Mbona wai nayo imetoka mbali na haina spea? aliuliza Koki.

— Wai ina matawi mawili kwa juu. Lile moja ndilo spea yake. Chanda chema huvikwa pete, bwana.

Methali haikuhusu kitu, lakini ilisemwa kwa sauti nzuri, wote wakaitikia kwa kichwa. Fundi Saa akauliza kwa upole kama spea ndiyo inaonyesha mke wake ana nini. Gia akasema yeye amefungua herufi, neno watafungua wengine.

— Zamu yangu, alisema Koki. Mimi nasema tusiulize kwa nini ziko mbili. Tuulize zinapenda kukaa wapi. Ukitaka kumjua mtu, tazama anakoshinda. Kuna neno moja la zedi mbili nalijua kama jina la mama yangu. Nozzle. Liko kwenye kila boksi la mpira wa kumwagilia. Maana yake ni ule mdomo wa mpira, pale maji yanapotokea.

— Liweke hapo, alisema Kamusi, akatandika kiganja kwenye benchi kama anaweka karata. Nozzle, mdomo wa mpira. Nani ana lingine?

Gia akapiga paja.

— Muzzle! Nimeliona mpakani, kwenye kibao kikubwa. Mbwa haruhusiwi kupita bila muzzle. Nikamuuliza askari, akanionyesha: ni kile kikapu cha kumfunga mbwa mdomo asiume watu.

Koki alimgeukia polepole.

— Umesema kumfunga nini?

— Mdomo.

— Na mimi nimesema nini?

— Mdomo wa mpira.

Walitazamana. Vinyweleo vya mikono vilisimama. Muuza kahawa, ambaye kwa sheria huongea wa mwisho, alishindwa kuvumilia.

— Samahani wakubwa. Fizz. Liko kwenye vizibo vya soda. Ule mchemko unaosikika ukifungua.

— Mchemko unatokea wapi?

— Kwenye mdomo wa chupa.

— Lahaula!

Kamusi alisimama.

— Ngojeni. Ngojeni kwanza. Guzzle. Mwalimu wa darasa la pembeni alimfokea mwanafunzi mmoja pale bombani. Maana yake ni kunywa kwa pupa, gubu gubu gubu. Anakunywa kwa nini?

— Kwa mdomo! walijibu kwa pamoja.

Sasa jambo lilikuwa limetoka mikononi mwa binadamu. Mpita njia mmoja alisimama kuuliza nani amefariki. Gia alikuwa anazunguka benchi mikono kichwani. Koki alisema Waingereza wametufundisha lugha yao miaka yote hii na hakuna hata mmoja aliyetunong'oneza kwamba zedi mbili ni midomo miwili, wa juu na wa chini, ndiyo maana zinakaa zimebanana hivyo.

— Tusikurupuke, alisema Kamusi. Tujaribu yale magumu. Buzz. Mvumo wa nyuki.

— Nyuki anauma, alisema Gia. Mdomo huo.

— Nyuki anauma kwa nyuma, alisema muuza kahawa.

— Nyuma ya nyuki ndiyo mbele yake. Bisha, nenda ukamuulize aliyeumwa.

— Linapita. Drizzle. Manyunyu.

— Mbingu zinatema mate.

— Linapita. Puzzle. Fumbo.

— Fumbo linatoka kwenye kufumba, alisema Koki kwa sauti ya msibani. Na unafumba nini?

Kila mmoja aligusa midomo yake mwenyewe. Fundi Saa naye alijikuta ameigusa yake, na kwa muda kidogo akasahau kilichomleta. Ilikuwa raha, kusema kweli, kukaa katikati ya watu wanaojua mambo. Alikunywa kikombe cha pili. Halafu akakumbuka, na kile kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu asubuhi kikarudi mahali pake.

— Lakini jamani, mke wangu mdomo haumuumi. Alishika ukuta.

— Dazzle! alipaza sauti Gia, hakumsikia kabisa. Nimelikumbuka! Hili litatuharibia. Ni pale gari linalokuja linapokuwashia taa kubwa, macho yanapofuka. Hapo mdomo uko wapi?

Kijiwe kikapoa. Watu waliinamisha vichwa. Ilionekana kama elimu yote ile itaanguka kwa ajili ya neno moja la barabarani. Kamusi alifumba macho, akafikiri, akayafumbua.

— Gia. Mwenzako akikumulika hivyo usiku, wewe unafanya nini?

— Mimi? Namtukana.

— Unamtukana kwa nini? Kwa mkono?

Gia alijishika kifua.

— Kwa mdomo, alisema, na machozi yalikuwa karibu.

Wakapigana viganja. Koki alimkumbatia muuza kahawa na birika lake. Bandu bandu huisha gogo, alisema Kamusi, na safari hii methali ilikaribia kulenga. Kisha akamgeukia mwenye neno na kukunja mikono kifuani kama hakimu.

— Fundi Saa. Neno lako limefunguka. Dizzy lina zedi mbili. Zedi mbili ni mdomo. Mtu aliye dizzy ni mtu mwenye mdomo. Msemaji. Binti anakuuliza, mama bado ni msemaji?

— Ndiyo maana amesema sauti yake hakuipenda! alisema Koki, ameshtuka upya. Mnaona? Sauti! Mtoto anajua mambo yule!

Fundi Saa aliduwaa. Lilikuwa linaingiana. Mke wake kweli ni msemaji. Anaongea na sufuria, anaongea na redio, anamjibu mtangazaji kama yuko naye jikoni. Ila leo, alikumbuka, leo hakuongea. Chai waliinywa kimya, na redio ikasema peke yake. Jambo hilo lilimchoma kidogo mahali fulani, lakini watu wanne walikuwa wanamtazama kwa furaha, na ni vigumu mtu kuogopa akiwa amezungukwa na furaha ya wenzake. Akajiambia, basi si ugonjwa. Pumzi ikamtoka ndefu.

— Mjibu mtoto upesi, alisema Kamusi. Amesema upesi.

Fundi Saa alishusha lenzi jichoni ili aone vizuri, akaandika kwa kidole kimoja huku akitamka: "Ndiyo mwanangu. Mama yako yuko dizzy sana. Yuko hivyo tangu nimuoe. Siku nyingine hata majirani wanasikia."

— Ongeza, lakini tumemzoea, alisema Gia.

— "Lakini tumemzoea."

— Malizia na salamu.

Alikuwa kwenye salamu pale kivuli kilipoangukia simu. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya benchi, mgeni wa mtaa ule, saa ya ukutani ameikumbatia ubavuni kama mtoto aliyelala.

— Samahani, wazee wangu. Namtafuta fundi wa saa. Kibanda kimefungwa, nimeambiwa anashinda hapa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Kamusi. Umefika, dada. Huyu hapa. Lakini subiri amalize, tuko kwenye jambo zito.

— Kuna nini? Mbona mmeshtuka hivyo wote?

Walimweleza, na walimweleza wote kwa pamoja: zedi, mfanyakazi hewa, mdomo wa mpira, mbwa wa mpakani, mate ya mbinguni, binti muuguzi, shemeji. Mwanamke alisikiliza kila mmoja kwa zamu, anageuza shingo huku na huku. Walipomaliza hakucheka, wala hakusema wamekosea. Alimtazama Fundi Saa.

— Na huyo mama, leo ameamkaje?

— Ameamka vizuri. Alishika ukuta tu. Akasema sakafu inatembea.

— Na sasa hivi yuko na nani?

Gia alimtazama Koki. Koki akamtazama Kamusi, maana Kamusi ndiye hujibu yaliyowashinda wengine. Kamusi alivaa kofia yake tena. Muuza kahawa alikuwa anamimina, kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikatiririka kwenye benchi hadi kwenye suruali ya Gia, na Gia hakusogea.

Mawazo ya Fundi Saa yalikuwa yamesharudi nyumbani. Alimwona mke wake alivyomwacha: kanga imefungwa kiunoni, beseni la nguo mbichi kichwani, mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza. Wanaanika juu, kwenye paa la saruji, na ngazi zile ziko nje, nyembamba, upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa. "Ningoje basi tujue mtoto anasema nini," alikuwa amemwambia mkewe? Hapana. Alikuwa amemwambia, "Wewe endelea na kazi zako, kaanike, nakuja sasa hivi." Kwa mdomo wake mwenyewe.

Aliinuka bila kuaga. Ndara moja ilibaki chini ya benchi. Hakuna aliyetaja sheria.

Alikimbia kama ambavyo hajakimbia tangu ujana, lenzi ikimpiga kifuani, pumzi ikimwisha kwenye kila kona. Alipita duka la unga, akapita kwa mshona magodoro, akamgonga mtu na hakugeuka. Alikuwa anaomba, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: nimkute anaongea. Nimkute anaongea na sufuria, na redio, na mimi anigombeze mpaka kesho. Nyuma yake alisikia miguu mizito ya Koki, na mbali zaidi Gia anayelalamika mgongo lakini anakuja.

Kitu cha kwanza alichokiona ni shati lake mwenyewe, la bluu, limelala kwenye udongo chini ya ngazi. Juu yake kidogo, taulo. Halafu beseni, limepinduka. Aliinua macho kwa woga, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma habari asiyotaka kufika mwisho wake.

Mkewe alikuwa katikati ya ngazi. Amekaa, mgongo ameubana ukutani, viganja vyote viwili vimeshika saruji, macho ameyafumba.

— Mke wangu!

— Usikanyage kwa kishindo, alisema bila kufumbua macho. Kila kitu kinazunguka. Nikifumbua macho nyumba inapinduka.

Alipanda kwa magoti, akakaa ngazi moja chini yake, upande ule wa hewa, akamzuia kwa mwili wake. Alimshika mikono. Ilikuwa ya baridi, na imeloa maji ya nguo. Aliogopa, na safari hii hakujiambia si kitu.

— Nilikuita, alisema mkewe. Nimekuita, nimekuita. Baadaye nikasema huyu hayupo, nikanyamaza niipunguzie dunia mzunguko.

— Nilikwenda kuuliza.

— Kuuliza nini?

— Lile neno la mtoto. La kuhusu hali yako.

— Kumuuliza nani?

— Kijiweni.

Mkewe alifumbua jicho moja. Alilifumba haraka, lakini lilikuwa limeshamwona: jasho, kifungo kwenye tundu la jirani, mguu mmoja peku.

— Hali yangu, alisema polepole. Ukaenda kuwauliza akina Gia. Si ungeniuliza mimi?

Fundi Saa aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu wakati wote huo, maneno yote ya pakiti na chupa amemtafsiria, na leo alikuwa tayari kulipita swali la "unajisikiaje" aende mtaani kutafuta herufi. Chini ya ngazi Koki na Gia walikuwa wamefika. Koki alianza kuokota nguo moja moja na kuzikung'uta vumbi. Gia, mkono kiunoni, aliuliza kwa sauti ya chini kama akatafute gari. Fundi Saa akamwambia katafute.

Kisha akatoa simu. Ujumbe ulikuwa bado pale, na salamu zake nusu. Aliufuta wote. Mkono mmoja ukimkumbatia mkewe, akapiga, akiwaza kwamba mtoto hatapokea, yuko wodini. Ikaita kidogo tu.

— Baba! Mbona hukunijibu? Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi!

Alivuta pumzi. Lilikuwa neno fupi, lakini hakuwahi kumwambia mtoto huyu tangu azaliwe.

— Sijui, mwanangu. Lile neno ulilotuma silijui. Na yale mengine ya zamani, mengi sikuyajua. Niambie kwa Kiswahili.

Upande wa pili ilisikika toroli ya chuma ikipita kwenye korido, na mtu akiita jina la mgonjwa.

— Kizunguzungu, Baba, alisema binti, na sauti yake ilikuwa imelainika. Nilikuwa nauliza tu kama mama ana kizunguzungu.

— Anacho, alisema Fundi Saa, akamvuta mkewe karibu zaidi. Anacho sana, na nimemshika. Sema, nakusikiliza.